Fungu la Wiki na Kisima cha Mama Yustina

Wajukuu zangu, na ninyi nyote mnaopita hapa Sumbawanga mjini mkiwa na simu sikioni, nina jambo moja la kuwauliza kabla sijaanza hadithi ya kazi yangu. Mtu akiwapigia simu akiuliza, "Uko wapi?", mbona mnadanganya? Nimemsikia kijana akisema yuko njiani, amekaribia kabisa, na huku amejilaza kwangu barazani, soksi moja mguuni na nyingine haijulikani iliko. Sikumkemea, maana chai yangu alikuwa anainywa vizuri. Lakini liliniuma, kwa sababu swali hilo ndilo lililonilisha miaka yote niliyochimba visima katika nchi hii ya Ufipa.

Sisi wachimbaji wa mkono tulikuwa na sheria ya kamba. Mmoja yuko chini, mwingine yuko juu ameshika winchi ya kuzungushia kamba. Wa juu humwita wa chini kila baada ya kitambo kidogo: "Uko wapi?" Wa chini hujibu: "Nipo hapa." Jibu wote wawili wanalijua, bila shaka; ndani ya shimo utakwenda wapi? Lakini hewa mbaya ya kisima haipigi hodi. Inakulaza taratibu na unahisi kama umepewa blanketi. Ukiitwa mara tatu hujajibu, unavutwa juu, hata kama ulikuwa umenuna tu. Mimi nimewahi kuvutwa mdomo umejaa karanga.

Sheria hiyo alinifundisha fundi wangu mkuu, Mzee Asheri, mtu wa Uganda, kutoka vilima vya karibu na Mbale. Na Asheri alikuwa Myahudi. Mnacheka? Hata mimi nilicheka. Nilifikiri Wayahudi wapo kwenye picha za njia ya msalaba tu, na hawa wa kwao ni weusi kama sisi, wanalima, wana ng'ombe, na wameishika imani hiyo tangu babu zao. Katekista wa kigango kimoja alipomuuliza kama hilo ni dhehebu jipya, Asheri alifikiri kidogo akasema, "Hapana, mwalimu. Hii ndiyo ya zamani."

Kufanya kazi naye kulitaka moyo. Jumamosi, Sabato yake, yeye hagusi kamba. Jumapili mimi naenda kanisani. Kwa hiyo kisima chetu kilikuwa na siku tano za kazi na siku mbili za kuulizwa na wanakijiji kwa nini tumekaa. Kambale wa Ziwa Rukwa hamli, kwa sababu hana magamba, lakini mgebuka wa Tanganyika alikuwa anamla mpaka anabakiza miiba mieupe kama sindano. Ijumaa kabla jua halijazama anaweka chungu cha maharage kwenye majivu ya moto ili Jumamosi asiwashe jiko. Halafu anawasha mishumaa miwili. Mnajua upepo wa Ufipa; nchi hii haina miti ya kuuzuia, unatoka huko unakotoka na kukupita kama hukuwepo. Basi aliisimamisha ndani ya pikapu, kwenye dashibodi, vioo vimefungwa, nasi tunakaa nje tumejifunika, tunautazama mwanga ule mdogo ndani ya gari lisilokwenda popote. Nyasi zinainama, vilima vinaingia rangi ya majivu, na mimi nikitazama kwa muda huona kama gari lile linaelea. Sijapata kujua raha ya namna hiyo tena.

Ndipo anasoma fungu la wiki. Watu wa imani yake wameigawa Torati mafungu, kila wiki fungu lake, tangu uumbaji mpaka kufa kwa Musa, na wakimaliza wanaanza upya siku hiyohiyo. Nilimuuliza kwa nini asisome pale anapopapenda. Akaniambia kwamba ukichagua mwenyewe utajisomea yanayokusifu. Fungu halikuulizi kama una hamu nalo. Linakuja kama mvua inavyokuja, na wewe utazame shambani kwako lina nini na wewe. Alikuwa anaanza upya kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, na hapo ndipo nilipolisikia swali letu la kamba mahali ambapo sikulitarajia. Asheri alisema la kwanza kabisa Mungu alilomuuliza mtu aliyejificha lilikuwa kwamba yuko wapi. Kwa mwana wa mtu huyo, aliyemuua nduguye, swali likageuka: ndugu yako yuko wapi?

"Mungu haulizi kwa sababu hajui," alisema. "Anauliza ili wewe usikie sauti yako ukijibu."

Sasa niwape elimu kidogo ya kazi, maana siku hizi mashine inatoboa mwamba siku moja na kijana wa mashine anakula chipsi huku inajiendesha yenyewe. Kisima cha mkono huchimbwa mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamekwenda mbali kabisa. Ukichimba wakati wa mvua utapata maji mapema, utasifiwa, utachinjiwa kuku, na kiangazi kikija watakutafuta. Kamba inakaguliwa kila asubuhi kwa vidole huku umefumba macho, kwa sababu jicho hupenda kuamini. Ndoo haijazwi mpaka mdomoni. Kuta zinazuiwa na pete za zege, moja juu ya nyingine, zisibomoke. Kabla ya kushuka unatanguliza mshumaa. Ukizimika, na wewe ungezimika. Asheri alitumia vipande vya mishumaa yake ya Ijumaa kwa kazi hiyo, na nilipomwambia kwamba anachanganya ibada na udongo aliniuliza Mungu alimuumba Adamu kwa kitu gani.

Basi mwaka mmoja tuliitwa kwenye kitongoji kimoja kupita Mollo. Pikapu ilipanda kilima ikachemka, tukasimama mbele ya nyumba ya mama mmoja mzee, rejeta inatoa moshi. Mama huyo alikuwa ndiyo kwanza anatoka kijitoni, bondeni kabisa, ndoo kichwani. Akatushushia. Tukanywa sisi, kisha bila kuombwa akammiminia na pikapu, yote, mpaka ndoo ikalia tupu. Akaigeuza kichwani akashuka tena bondeni.

Asheri alimtazama mpaka alipopotea bondeni. Kisha akaniambia fungu la wiki ile ni la mtumishi aliyetumwa mbali, akasimama kisimani, na msichana aliyemfaa akajulikana kwa sababu alimnywesha mgeni na ngamia wake pia. Nikamwambia msichana wetu ana miaka zaidi ya sabini na ngamia wetu ni Toyota. Hakucheka. Alisema tutapiga kambi hapahapa.

Huyo ndiye Mama Yustina. Alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa katikati. Kulia kwake anaishi mwanawe mkubwa, Deo, kushoto mdogo, Festo. Watoto wake walikuwa hao wawili tu, na hawakuwa wakisalimiana. Baba yao alipofariki waligawana shamba, na mpaka ukapita karibu na kisima alichochimba marehemu. Deo akakizungushia ua akisema kiko upande wake. Festo, kwa hasira, akaung'oa ua, akatupa ndani mawe na mabua na udongo mpaka kikafika usawa wa ardhi. Kama si chetu sote, alisema, kisiwe cha mtu. Tangu hapo mama yao akawa wa kushuka bondeni, na wanawe wakawa wa kupishana njiani kila mmoja anatazama shamba lake kana kwamba ulezi umeota pembe.

Ijumaa ile Mama Yustina alikuja kukaa nasi, anachambua maharage, Asheri anasoma. Mwisho wa fungu lile Ibrahimu anakufa, na wanawe wawili waliokuwa wametengana tangu utoto wanakuja kumzika pamoja. Hakuna lililoandikwa kwamba waliombana radhi. Walikuja tu wakamzika. Mama akaacha kuchambua.

"Rudia hapo, baba," alisema.

Asheri akarudia. Alipomaliza, mama akasema kitu ambacho sijakisahau. "Mimi siogopi kufa. Naogopa siku ile. Mmoja atashika jeneza mbele, mwingine nyuma, na hawataambizana hata 'angalia jiwe'. Nitafika kwa Mungu nimetikiswa."

Tulichimba kwanza karibu na kanisa la kigango, mahali walipopachagua wanakijiji, tukagonga mwamba. Sio mwamba wa kubembeleza, ni ule unaorudisha sururu mkononi kama unakurudishia kadi ya harusi. Tulikuwa tumeshaanza kufungasha. Na fungu lililokuja baada ya hapo, niamini mimi, lilikuwa la Isaka, ambaye alivifukua visima vya baba yake vilivyofukiwa, akaviita kwa majina yaleyale aliyoviita baba yake. Asheri alifunga kitabu akatazama upande wa mpaka. Nikamwambia asithubutu, ugomvi wa ndugu hauna pete za zege.

Akathubutu. Alikwenda kwa Deo, akapiga magoti na makofi kama anavyosalimia Mfipa aliyelelewa, maana alikuwa ameshajifunza, akamwomba ruhusa. Deo alisema aliyekifukia ndiye akifukue. Asheri akaenda kwa Festo na salamu ileile. Festo alisema atafukua, ila Deo asije akasimama pale kumcheka. Kwa hiyo Festo akawa mtu wetu, na Deo akawa anasimama kwenye ua wa mama yake, mbali kidogo, mikono nyuma, kila siku. Hakucheka. Alikuwa anahesabu mawe, nadhani.

Niwaambie kulivyo chini. Ukishuka, kelele za dunia zinakuacha moja moja: kwanza kuku, kisha watoto, kisha upepo. Ubaridi unapanda miguuni. Harufu inabadilika kutoka ya vumbi kuwa ya chungu kipya. Ukiinua macho, mbingu imebaki saizi ya ungo, na wingu likipita unaona kama ni wewe unayesafiri. Nilikuwa nikikaa pale dakika moja zaidi ya kazi, najisikia mtoto. Katika kisima kile nilikuta mabua yaliyooza, mtungi uliovunjika, na ndani kabisa mwiko wa kujengea. Niliupandisha kwenye ndoo. Festo aliushika muda mrefu. Ulikuwa wa baba yake. Akaufuta kwa shati na kuusimamisha kwenye ua wa mama, karibu na pale Deo anaposimama, kisha akarudi kwenye winchi.

Sasa, Jumamosi ile ya kabla hatujaanza kufukua, Asheri akiwa amepumzika, mimi sikutulia. Niliteremka bonde la Rukwa mpaka Milepa kutafuta mchele. Milepa ina mchele mzuri na mbu wazuri pia. Jumatatu ya wiki ya pili nilikuwa nimejikunja kwenye mkeka karibu na kisima, nimefunikwa mablanketi mawili, meno yanapiga ngoma. Na mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha Jumapili. Mnajua mvua ya kwanza inavyofanya watu wa hapa: vijana wote wa kitongoji waliotusaidia winchi walikuwa mashambani wanapanda mahindi, na huwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Maji yalikuwa yameshaanza kuchuruzika chini. Pete ya mwisho ya zege ilibidi iketi siku ile, kabla ardhi ile iliyofukuliwa haijalowa na kuporomoka.

Mshumaa ulishuka ukarudi unawaka. Festo akavaa kofia yangu akashuka. Asheri alibaki peke yake juu, na kazi ile inataka wawili: mmoja ashike winchi na breki yake, mwingine aiongoze pete kwa mti isigonge kuta. Nikajaribu kuinuka. Homa ikanirudisha chini. Nilipolala tena nikaona Deo akiruka ua.

Alivua koti akalitundika pale penye mwiko, akaja akashika mkono wa winchi. Asheri akamwonyesha breki, naye akachukua mti wake. Pete ikaanza kushuka. Mimi sijui kama ilikuwa homa, lakini kila kitu kilikuwa polepole na mbali, kamba inanyooka, mawingu yametulia juu ya vilima, na Mama Yustina mlangoni kwake na ungo wa maharage mapajani. Pete ikafika nusu. Asheri akasema ni wakati wa kuita.

"Ita wewe," Deo alisema.

"Aliyeshika ndiye anayeita," Asheri alimjibu. "Mimi nimeshika mti tu."

Deo akaikaza breki. Akaita kuelekea kisimani, sauti ndogo kama ya mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. "Uko wapi?"

Kimya. Festo aliposhuka alijua juu yupo Asheri. Sauti aliyoisikia hakuwa ameisikia ikimwelekea yeye tangu matanga ya baba yao. Lakini sisi juu hatukujua amenyamaza kwa nini, na kisima cha zamani hakiaminiki, mshumaa urudi unawaka usirudi. Asheri aliinua kidole kimoja. Deo akaita tena, mara hii kwa nguvu, na nikaona mishipa ya mikono yake imesimama kwenye breki. Kimya. Kidole cha pili.

Mara ya tatu hakutumia maneno ya kamba. Alimwita kwa Kifipa, kwa jina la utotoni ambalo nyumbani tu ndiko lilikojulikana, na sauti yake ilipasuka katikati. Mlangoni ungo ulianguka, maharage yakamwagika.

Halafu kutoka chini, taratibu, kwa mwangwi ule wa visima: "Nipo hapa, kaka."

Mikono ya Deo ilikuwa imeshika winchi, uso ulikuwa umelowa, na hapakuwa na mtu wa kumfuta. Tena ikapanda sauti kutoka chini: "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Deo. "Angalia, pete inakuja."

Ndiyo hivyo tu. Pete ikaketi. Festo akavutwa, akatoka tope mpaka kope, na Deo akamfuta uso kwa koti lake zuri la kanisani. Hawakukumbatiana. Mama Yustina alikuwa amepiga magoti anaokota maharage moja moja, na bila kuinua kichwa aliwaambia ugali utapoa. Wakaenda wote wawili kula kwake. Mimi nikasahauliwa na homa yangu pale mkekani, na sikulalamika.

Baadaye nilimshtaki Asheri kwamba alipanga. Fungu la wiki ile lilikuwa la Yakobo akimwendea kaka yake baada ya miaka mingi, anainama na kuinama, anaogopa. Asheri aliapa kwamba hakupanga kitu, fungu lilikuwa limepangwa kabla babu yake hajazaliwa, na mvua yeye hakuinyesha. Kazi yake ilikuwa kushika mti. Sasa amezeeka, yuko kwao Mbale, na Jumamosi jua likizama hunipigia kunitakia wiki njema. Swali lake la kwanza mnalijua, na mimi humjibu ukweli, hata kama nipo chooni.

Mama Yustina alikunywa maji ya kisima kile miaka mingi. Alipofariki nilipanda basi la kwanza kwenda kumzika. Jeneza lilibebwa na Deo mbele, Festo nyuma, na njiani nilimsikia wa mbele akisema polepole, "Angalia jiwe." Kaburini Festo alishuka kumpokea mama, Deo akabaki juu na kamba. Jeneza likashuka likatulia. Katekista alikuwa anafungua kitabu, upepo tu kwenye nyasi, ndipo Deo alipoinama juu ya kaburi.

"Uko wapi?" aliita.

Wengine walishtuka, wakafikiri anamwita marehemu. Kutoka chini likaja jibu.

"Nipo hapa, kaka. Nimempokea."

Deo akampa mkono, akamtoa. Kisha wakachukua koleo, kila mmoja lake, wakaanza kufukia pamoja.